Diski Yako Haikutaka Mashine ya Mtu Mwingine

Mama,

Nimekukasirikia. Nimengoja hasira ipoe nikuandikie vizuri, kama mtoto anavyotakiwa kumwandikia mama yake aliyetangulia, lakini haipoi. Basi niipokee hivyo hivyo, na Mungu akulaze pema, na unisikilize.

Tangu tukuzike nimekuwa mtu wa kubeba chuma. Nakwenda kazini na chuma kwenye mkoba, narudi nacho. Akina mama wa hapa Rwezamenyo wanafikiri nimechanganyikiwa. Chuma chenyewe ni ile diski ya kompyuta yako, nzito kama tofali, uliyoijazia kitabu chako chote, kisha ukaenda zako bila kumwambia mtu kinatokaje humo.

Najua ungejibu nini. Ungesema, "Zaina, mimi nilijua kwamba nakufa?" Hukujua. Presha ilikuangusha asubuhi ukichambua mchele, na kabla mwanao Hamisi hajarudi na gari tulikuwa tumeshakufunika. Hukuwa na nafasi ya kuagiza neno. Naelewa. Lakini hasira haina haki, Mama, inamkamata aliye karibu, na wewe bado ndiye uliye karibu nami kuliko wote.

Nikueleze ilivyokuwa.

Matanga yalikuwa hayajaisha. Umeme ulikatika, kama unavyokatika kila mara tangu vita vianze huko kaskazini, na uliporudi ulirudi na nguvu za kichaa. Friji ya jirani ilikufa. Redio ya Hamisi ilikufa. Kompyuta yako, ambayo hakuna aliyekumbuka kuichomoa ukutani, ilitoa moshi kwa nyuma na harufu iliyofika mpaka kwa wanawake waliokuwa wakipika uani. Hatukulia kwa ajili yake. Tulikuwa na kilio kingine. Hamisi aliibeba akaiweka stoo, na siku chache baadaye akaifungua, akachomoa ile diski akanipa, akasema, "Hii ndiyo kichwa chake. Maneno ya Mama yamo humu."

Nilidhani imekwisha. Kichwa tunacho, kilichobaki ni kutafuta mwili mwingine.

Kisha alikuja Verediana, mkunga wako wa kule kijijini. Alitembea kutoka Gahanga, viatu mkononi, na aliponiona hakunipa pole kwanza. Aliniuliza, "Mwana wa Muganga, ile ya damu mama yako aliimaliza?"

Muganga ndilo jina walilokuita huko tangu ulipokuwa muuguzi wa zahanati yao. Sikujua anachosema. Alinieleza ameketi barazani, akijifuta vumbi miguuni. Wewe ulikwisha kuwachapia wakunga wa Gahanga sura za mwanzo, ya mimba, ya usafi, ya kuzaa kwa kawaida, na padri wa huko akawatolea nakala kwa mashine ya stensili ya parokia. Sura ya damu inayotoka baada ya mtoto kuzaliwa uliiacha mwisho. Uliwaambia kwamba hiyo ndiyo inayoua, kwa hiyo hutaki kuiandika kwa haraka. Mara ya mwisho mlipoonana ulimwambia imekwisha, unangoja utepe wa wino tu.

"Wiki iliyopita tulikuwa kwa mwanamke mmoja," Verediana alisema. "Mtoto alitoka, kondo la nyuma likakataa. Mwenzangu mmoja alitaka kuvuta. Mimi nilisema Muganga alikataza kuvuta. Yeye alisema hapana, Muganga alisema vuta polepole. Tuligombana pale pale, mama wa watu amelala kwenye damu."

"Akawaje?"

"Alipona. Lakini hatukumponya sisi."

Nilimwahidi. Nilisema, nipe wiki moja. Kumbuka wakati huo sikujua chochote, mimi ni mpiga chapa wa barua za kampuni, najua herufi ziko wapi kwenye kibodi na basi.

Kesho yake niliipeleka diski kazini kwetu. Kuna kompyuta mpya pale, bosi anaionea fahari. Nilimwomba karani wake wa mahesabu, yule anayejua kuifungua, tuingize diski yako. Alipofungua tukachungulia, tukatazamana. Diski ya mule ndani ina waya bapa mmoja. Yako inataka waya mbili, mmoja mpana, mmoja mwembamba, na hakuna hata mmoja uliolingana na tundu lolote. Alijaribu kuusukuma kwa kidole gumba mpaka nikamwambia aache. Alicheka akasema kitu hiki ni cha zamani, hakuna anayekitumia tena. Nilitaka kumwambia kwamba kuna wanawake Gahanga wanaokitumia.

Ndipo nilipoelekezwa kwa Kizito. Wewe hukumjua. Ni kijana wa Kinyarwanda aliyekulia Bujumbura, Mkatoliki mpole, anatengeneza kompyuta na mashine za kuchapa kwenye chumba kidogo nyuma ya soko. Ana mashine ya zamani kidogo, si ya zamani kama yako, lakini inakubali waya mbili. Aliichomeka diski, ikaanza kuvuma, nami nikavuta pumzi kama mtu aliyefika nyumbani.

Mashine ikauliza diski hii ni ya aina ya ngapi.

Mama, hivi ulijua kwamba inauliza? Ina orodha yake kichwani, aina zaidi ya arobaini, kila moja na namba, na usipoitajia namba sahihi haitazami ndani. Namba ilikuwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya diski. Karatasi ilikuwa imebabuka kwa joto la siku ile, tarakimu zimekuwa doa la kahawia. Tukaanza moja, mbili, tatu. Kila namba unazima, unawasha, unangoja. Mchana kutwa. Kizito hakulalamika, ila kila ilipokataa alisema "bon", yaani haya kwa Kifaransa, kwa sauti ndogo, mpaka "bon" hiyo ikaanza kunikera kuliko mashine.

Tulipofika kwenye namba ambayo yeye aliamini ndiyo, kwa kuwa diski ilitulia na kuacha kugonga, bado haikusomeka. Mashine ilikiri kwamba kuna diski, ikakiri kwamba inazunguka, ikakataa kuisoma.

"Diski iko mzima, dada Zaina," Kizito alisema. "Shida ni kadi. Kuna kadi ndani ya mashine, hiyo ndiyo inaandika kwenye diski na kusoma. Kadi iliyoandika ni ingine, kadi inayosoma ni ingine. Haziko zinasikilizana."

"Sasa tunafanyaje?"

"Naweza kuipanga upya na kadi yangu. Itakuwa kama mpya."

Alikuwa amekwisha kuandika kitu kwenye skrini, na kidole chake kilikuwa juu ya kibodi. Mimi nikauliza tu, kwa kuuliza, "Na maneno yaliyomo?"

"Hayo yanafutika yote."

Nilimshika mkono. Mwanamume nisiyemfahamu, mbele ya wateja wake, nilimkamata kifundo cha mkono kama ninayezuia mtoto asiguse jiko. Naye alishtuka, akanitazama, ndipo akaelewa kwamba hakuwa ameniuliza kilichomo. Alidhani nataka diski. Kumbe watu wengi wanaomletea hizi wanataka diski tu, si kilichomo. Nilimweleza habari zako na za Gahanga, akazivuta zile waya taratibu akairudisha diski mikononi mwangu, na tangu siku hiyo hakunitoza kitu wala hakuniacha.

Wiki moja niliyomwahidi Verediana ilikwisha hivyo.

Hamisi ndiye aliyepata wazo la pili. Alimjua dereva wa nyumba moja huko Kiyovu ambako mzee wa Kizungu alikuwa na kompyuta kama yako, jina lile lile, umbo lile lile. Mzee alikubali. Tulikwenda Jumamosi, mimi, Hamisi na Kizito, na njiani askari walitusimamisha kwenye kizuizi. Nilijua watatusimamisha, siku hizi hakuna asiyesimamishwa. Walifungua mkoba wangu wakakuta chuma chenye meno ya rangi ya dhahabu na waya zinaning'inia.

"Hii ni nini? Ni redio ya kuongea na nani?"

Nilisema ni ya kompyuta, ina kitabu cha wakunga. Yule askari aliishika, akaitikisa sikioni mwake kama nazi. Mama, sijui kama umewahi kuona mtu akitikisa kaburi la mzazi wako. Kizito alikuwa ameniambia kwamba ndani mna sahani na sindano zinazokaribiana kuliko unywele na ngozi. Nilisimama pale nikatabasamu, kwa sababu ukilia wanafikiri unaficha kitu. Baadaye askari mwenzake akauliza, "Wakunga wa wapi?" Nikasema Gahanga. Akasema dada yake ameolewa upande huo. Wakaturudishia.

Tulifika, tukafungua ile mashine, na kadi iliyokuwa ndani haikuwa kama yako. Mzee alikwisha kubadilisha diski yake akaweka kubwa zaidi, na kadi yake pia. Nje mapacha, ndani kila mmoja na mama yake. Tulijaribu hata hivyo. Haikusomeka. Mzee alitupa chai, akasema pole kwa Kifaransa mara nyingi, na mimi nikairudisha diski mkobani, nimeuma meno.

Siku hiyo nilirudi nikakaa kitandani mwako nikakusema kwa sauti. Nilisema, kwa nini hukuandika kwa mkono? Nakumbuka niliwahi kukuuliza, wakati Wazungu wa mradi wa chanjo walipofunga ofisi na kukuachia hilo kompyuta lao bovu, lenye mlango wa disketi uliovunjika. Ulicheka ukasema, "Mwandiko wangu hata mimi unanishinda. Nikimwandikia mkunga dawa ya macho, atampaka mtu masikioni." Ulikuwa na umri wa kustaafu ukajifunza kuchapa kwa vidole viwili, ukiimba chini chini, na kila ulipokosea ulisema "astaghfirullah" kana kwamba umemtukana mtu. Nilikuonea fahari. Sasa nilitamani ungekuwa mvivu, ungetumia kalamu na daftari la shule.

Kizito alikuja nyumbani kesho yake bila kuitwa. Alisimama mlangoni akauliza, "Kadi ya mama mwenyewe iko wapi? Mashine iliungua, lakini kadi yake si lazima iliungua."

Nikamwita Hamisi. Hamisi akautazama mlango wa stoo, na nikajua.

Alikuwa amempa Mzee Sadi mashine yote iliyoungua. Unamkumbuka Mzee Sadi fundi redio, anayekudai mpaka leo umrudishie mwavuli wake. Hamisi alitaka stoo iwe wazi, na Mzee Sadi alipenda vipande. Tulikwenda mbio. Mzee alikuwa ameshaikata bodi kuu, amevitoa vile vipande vyake vidogo vidogo vya umbo la ngoma kwa chuma cha moto na kuvipanga kwenye kopo la maziwa. Lakini kadi aliiacha nzima. Alisema vitu vyake ni vidogo mno, macho hayamruhusu. Ilikuwa inaning'inia msumarini, imefungwa kamba, kwa sababu mjukuu wake aliipenda kwa rangi yake ya kijani. Tuliitoa msumarini. Mzee Sadi akasema, "Chukueni, mimi Muganga alinizalishia watoto wanne, niwanyime ubao?"

Sasa sikiliza mashine ilivyo na tabia. Kadi yako ilipoingia kwenye kompyuta ya Kizito, zikagombana, kadi yake na yako. Ikabidi atoe yake. Kisha ikabidi tuidanganye mashine. Pale inapouliza aina ya diski, tuliandika kwamba hakuna diski kabisa. Kizito alisema kadi yako inajua kazi yake yenyewe, haitaki kutajiwa namba, na ikitajiwa inakuwa korofi. Siku nzima ya namba, Mama, na jibu lilikuwa kusema hakuna.

Diski haikuzunguka. Ilikuwa imepoa, ikaganda. Kizito aliishika kwa mikono miwili akaizungusha ghafla, kama unavyofungua kifuniko cha chupa, ikaamka. Mashine ikaanza kusoma, maneno mawili matatu yakatokea, kisha makosa. Ikaanza tena, makosa. Ilikuwa inasoma kama mtoto wa darasa la kwanza, neno hili inalijua, linalofuata inalikataa. Kizito akasema huenda yule askari aliiumiza.

Mimi nikaitazama ilivyolala bapa juu ya meza, na kitu kikanisumbua. Kompyuta yako haikulala hivyo. Meza yako ilikuwa ndogo, ulitaka nafasi ya chai na vitabu, ukaisimamisha kompyuta ubavu sakafuni, ukaiegemeza kwenye mguu wa kitanda. Miaka yote iliandika ikiwa imesimama. Nilimwambia Kizito. Hakunicheka. Aliinua diski akaisimamisha ubavu, akaiegemeza kwa kitabu cha simu, akawasha.

Ilisoma. Skrini ikajaa majina ya sura zako, na lile la mwisho lilikuwa DAMU. Nilitoka nje nikasimama kwenye uchochoro wa soko, nikalia mbele ya wauza nyanya, na hakuna aliyeniuliza kwa nini, siku hizi watu hawaulizi.

Usidhani yaliishia hapo. Kadi ya Kizito tuliyoitoa ndiyo inayoendesha pia disketi, kwa hiyo hapakuwa na njia ya kunakili. Njia ilikuwa moja, kuchapa moja kwa moja kwenye karatasi. Tukachapa. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, umeme ukakatika. Tukangoja. Uliporudi, diski ilikuwa imepoa, ikaganda tena, Kizito akaizungusha tena. Ilifanya hivyo siku kadhaa, kidogo kidogo, na kila siku ilichukua muda zaidi kuamka. Nilichukia kila ukurasa na nikaubusu kila ukurasa. Saa ya amri ya kutotembea usiku ilipokaribia ilinibidi niondoke, nikiziweka karatasi chini ya nguo zangu.

Sura yote ilitoka, isipokuwa mwisho. Ukurasa wa mwisho unaanza, "Na ikiwa damu haikomi baada ya haya yote, basi," halafu mashine ikaandika kosa. Tulijaribu imesimama, imelala, ina moto, imepoa. Kizito aliizungusha mara ya mwisho, ikalia kama kisu kwenye kinoo, ikanyamaza. Alisema, "Hii imekwisha, dada." Safari hii hakusema "bon".

Basi nimetoka Gahanga juzi. Niliketi na wakunga kwenye ukumbi wa parokia, Verediana mbele yangu, nikawasomea sura yako. Msivute kamba ya kitovu. Mpeni mtoto ziwa mapema. Msaidieni mama akojoe. Sugueni tumbo mpaka mji wa uzazi uwe mgumu kama mpira. Verediana alikuwa akimtazama yule mwenzake aliyetaka kuvuta, na yule mwenzake alikuwa akitazama chini, na baadaye nikaona wameshikana mikono.

Nilipofika kwenye "basi", nikawauliza uliwafundisha nini. Kila mmoja alikumbuka. Na kila mmoja alikumbuka lake. Wote walisema ingobyi, ile machela ya kubebwa mabegani, iitwe, apelekwe kwenye zahanati. Lakini saa ngapi? Mmoja alisema ulisema kwanza wangoje kidogo waone. Mwingine alisema wangoje nguo ya pili ilowe. Verediana alisema ulisema wasingoje. Walikuwa wanatazamana, kisha wakanitazama mimi, kwa kuwa mimi ni mwanao. Mama, hapo ndipo nilipokukasirikia kuliko siku zote. Ningekuuliza tu. Ningesimama mlangoni mwa chumba chako nikauliza, ungejibu bila kugeuka.

Nilikwenda kwa muuguzi wa zahanati, yule aliyechukua nafasi yako. Alinisikiliza akasema, kwa njia ile ya Gahanga na mlima ule, anayengoja ameshachelewa. Nikarudi kwa padri, nikachukua kalamu, na kwenye karatasi ya stensili nikaandika kwa mwandiko wangu chini ya maneno yako: basi msingoje, mbebeni sasa hivi, mkiendelea kusugua tumbo njiani.

Ukurasa huo ni wangu, si wako. Kama wewe ungeandika vingine, nitabeba mimi.

Nakala zimeshatoka. Moja iko kwa Verediana, moja zahanati, moja parokia, na moja iko chini ya godoro lako, kwenye karatasi, inayosomwa na mtu yeyote mwenye macho. Kadi nimemrudishia Mzee Sadi, mjukuu wake alikuwa anaililia.

Lala salama, mama yangu. Nakuahidi kwamba kila mwezi, njia ikipitika, nitakwenda Gahanga kuwauliza wanawake wale nani alibebwa, na kama alifika, na ikiwa ule ukurasa wangu umekosea nitaufuta na kuuandika upya mpaka uwe sawa.

Mwanao,
Zaina